Halali ya Bahari na Haki ya Pomboo

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani hii, wanyama wa baharini kwa jumla ni halali. Basi huenda mvuvi akauliza: Vipi kiumbe aliyehalalishwa na Mwenyezi Mungu azuiliwe na watu? Suali hili si la upuuzi, wala halijibiwi kwa kumcheka muulizaji.

Kizimkazi, kusini ya Unguja, ndiko uliko msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra (1107). Katika bahari ya huko, kwenye ghuba ya Menai, hukaa pomboo wa aina mbili: wenye mdomo kama chupa, na wenye nundu. Zamani waliwindwa, nyama yao ikawa chambo cha papa, hata mwaka 1996 uwindaji ule ukakoma. Aliyewinda alitumia ruhusa ya sheria. Lakini ruhusa ya kula si ruhusa ya kumaliza. Aliyeruhusiwa kula tende za shamba hakuruhusiwa kuukata mtende, na Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumdhuru mwenziwe. Pomboo jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya kiasi cha mwaka, kisha hukaa miaka asizae tena.

Illa madhara hayathubutu kwa dhana. Huko bara, kama Dongobesh katika milima ya Mbulu, ng'ombe wakivuruga kijito juu, atekaye chini huliona tope mtungini mwake siku ile ile. Bahari huficha, ndipo watu wakasema haimaliziki. Kwa hiyo wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, pamoja na wenzao wa Sweden, walipiga picha mapezi ya mgongoni, kwani alama za pezi humtambulisha mwenyewe kama uso wa mtu. Baina ya 1999 na 2002 walikadiria wa mdomo wa chupa hawafiki 200, na wenye nundu hawafiki 70. Kisha wakawauliza wavuvi wa majarife, wakapanda nao vyomboni, wakaona wanaonaswa na kufa ni wengi kuliko wanaoweza kuzaliwa badala yao. Hesabu hiyo isingepatikana pasipo wavuvi wenyewe. Na aliyekwisha kuletewa ushahidi hana tena udhuru wa kutojua.

Wala mvuvi si peke yake. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu katika jahazi moja, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao, wakiachwa, wataghariki wote. Mji wa Unguja kwa miaka mingi umemimina maji ya vyoo baharini bila kuyasafisha. Ni ajabu Mwislamu ajuaye kwamba haifai kukojoa katika maji yaliyotuama, asione neno bomba la nyumba yake likiishia pwani, kisha akae barazani amlaumu mwenye jarife.

Mwaka 1997 ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa hifadhi, na kamati za vijiji zikashika ulinzi dhidi ya baruti na nyavu haramu. Hiyo ndiyo shura, nayo ni bora kuliko amri itokayo mjini. Lakini pana jambo zito. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wageni huja Kizimkazi kutazama pomboo. Mwenye mashua hupata fedha, na mwenye jarife huambiwa aondoe wavu wake. Faida ikienda kwa huyu na hasara kwa yule, hiyo ni dhuluma ijapokuwa jina lake ni hifadhi, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Haki yataka mwenye jarife aitwe kwenye shauri kabla ya amri, na sehemu ya fedha za wageni imfikie. Tena utafiti umeonyesha ya kuwa pomboo wakizungukwa na mashua hupumzika kidogo kuliko ada yao. Nahodha amfukuzaye pomboo mwenye mtoto ili wageni wapate kuogelea naye, hana la kumwambia mvuvi.