Haki ya Mama Baada ya Kuzikwa

Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja aliyeko Awendo, katika kaunti ya Migori, mji ambao maisha ya watu wake ni miwa. Waislamu huko ni wachache, na jamaa zake wengi si wa dini yetu. Aeleza kwamba mamake amefariki, na kwamba pamoja na wanawe wa tumboni alikuwa akiwalea mayatima watano wa jamaa. Alikuwa pia ndiye anayeitwa kila anapokufa mwanamke wa Kiislamu, aende akamwoshe. Sasa wazee wa ukoo wasema kuwa mama wa namna hii hakumbukwi kwa kikombe cha chai. Siku ya arobaini hapana budi wachinjwe ng'ombe wawili na waalikwe masheikh wa Kisumu na wa pwani. Naye hana ila fedha za miwa, ambayo hukaa shambani zaidi ya mwaka kabla ya kukatwa, na wawili katika wale mayatima wangojea ada ya skuli. Atuuliza: "Nikiiacha arobaini, je, nitakuwa nimemsahau mama yangu?"

Upande wa fiqhi jawabu si refu. Ilipofika Madina khabari ya kufa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamuru watu wawapikie jamaa zake chakula, kwa sababu wao wameshughulishwa na msiba. Kwa hiyo jirani ndiye ampelekeaye chakula mfiwa. Sisi tumekigeuza kichwa kikawa miguu: mfiwa ndiye apikaye, na jirani ndiye ajaye kula, kisha akirudi kwake asema wali ulikuwa na mawe.

Lakini ndugu yetu hakuuliza hukumu ya wali. Ameuliza juu ya kusahau, na swali hilo ni zito zaidi. Imesimuliwa kuwa Ibn Omar alimwona mtu wa Yaman amembeba mamake mgongoni akitufu naye Al-Kaaba. Yule mtu akamuuliza kama amekwisha kumlipa. Ibn Omar akamjibu kuwa hajamlipa hata mkoto mmoja katika mikoto ya uchungu wake. Wako wafahamuo kisa hiki kuwa ni hoja ya kutumia bila ya kipimo, madhali mama ana haki kubwa hivyo. Sisi twakifahamu kinyume chake. Deni lisilolipika halifungwi kwa siku moja, na ubaya wa arobaini ni huu khasa, kwamba humpa mtoto raha ya kudhani amekwisha kulipa. Mikeka hukunjwa, masufuria hurudishwa kwa wenyewe, naye husema moyoni: nimemtendea mama.

Hatusemi kwamba wale wazee hawana neno la haki. Mwanamke huyu alipokuwa hai hakuna aliyesimama mbele ya watu akamtaja. Kupika, kuosha, kukesha na mgonjwa, zote ni kazi ambazo hazionekani ila siku zisipofanywa. Wazee wataka atukuzwe walau mara moja, na kwa mila zao kutukuza ni kuchinja. Haja yao ni njema. Twauliza tu kama ng'ombe watamtaja yeye au watamtaja mwanawe.

Tena hatukulazimika kutafuta mfano mbali. Bibi Sarah Obama wa Kogelo, aliyefariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa kesho yake kwa taratibu za Kiislamu, ulimwengu ulimjua kwa sababu ya mjukuu wake aliyetawala Marekani. Mumewe, Hussein Onyango Obama, asili yake ni upande wa Kendu Bay, penye Waislamu tangu zamani, na si mbali sana na huko Awendo. Aliyeitwa mwanawe, babake huyo rais, hakumzaa yeye. Alikuwa mtoto wa mke mwenziwe, naye akamlea. Husimuliwa kuwa alimchukua kwa baiskeli hadi skuli ya Ngiya, mwendo wa kilomita 9. Mtoto akasoma, akaenda ng'ambo, akaandika barua. Na mama aliyemfikisha skuli hakuweza kuzisoma barua hizo, kwani yeye mwenyewe hakusomeshwa. Kutokana na uchungu huo alishika kazi ya kuwasomesha mayatima na khasa wasichana, akawalisha na kuwanunulia sare, hata mwaka 2014 akaitwa New York kutunzwa kwa ajili yake. Basi mtu atakaye kumkumbuka bibi huyu afanye nini? Atakayemchinjia ng'ombe na kumwacha yatima wake nje ya mlango wa skuli, huyo amemkumbuka nani?

Na asiseme mtu kuwa mlezi si mama. Ni kweli kuwa kulea hakuleti nasaba wala urithi. Lakini Mtume alimzuru Ummu Ayman, aliyemlea, maisha yake yote, na baada ya kufa kwake Abubakar na Omar waliendelea kumzuru.

Kwa hiyo, ndugu yetu, tazama kwanza kama mama ameacha deni. Kisha tazama kama ameacha wasia, kwani wale watano hawarithi, lakini huenda aliwausia kitu katika theluthi yake. Kisha mali igawanywe. Katika fungu lako mwenyewe toa ada ya wale wawili, na unuie thawabu zake zimfikie mamako, kama Saad bin Ubada alivyotoa shamba lake kwa ajili ya mamake aliyefariki yeye akiwa hayupo. Wazee wakikulaumu, waite siku yoyote uwape uji, uwaonyeshe watoto.

Tunayaandika haya hali ya kuwa na haya. Alipofariki mama yetu sisi, tulikuwa tumekwisha kusema juu ya mimbari zaidi ya mara moja kuwa arobaini haina asili. Hata hivyo tuliogopa midomo ya mtaa, tukakopa, tukapika masufuria sita. Siku ile ile alikuja yule bibi aliyemfulia mama nguo katika ugonjwa wake, akakaa uwani na wapishi akimenya vitunguu, na ujira wake wa miezi miwili haujatolewa. Wala yeye hakuutaja. Tulimlipa mwezi wa tatu baada ya maziko. Alizipokea fedha zile, akazifunga katika pembe ya kanga bila ya kuzihesabu, akatuuliza kama tumekwisha kula.