Picha ya ubongo na haraka yetu: tunamkimbiza mgonjwa kwa maslahi ya nani?

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Masika ya mwaka mmoja nilikuwa ukweni Mlimba, huko bonde la Kilombero, shemeji yangu alipogongwa na pikipiki. Aliumia kichwa na paja, akapoteza fahamu. Nje ya wodi ndugu tulikuwa na neno moja tu: asafirishwe usiku ule ule akapigwe CT scan ya kichwa. Tabibu akasema presha imeshuka na damu bado inatoka, hali itengemae kwanza. Nikamjia juu: "Kwa hiyo mnataka afie hapa?"

Nilidhani natetea uhai wa shemeji. Leo naona nilikuwa natuliza hofu yangu.

Hebu tutazame. Ubongo ulioumia hauvumilii kukosa damu wala oksijeni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kuwa majeruhi mahututi wa kichwa ambao presha yao ilishuka hata mara moja tu, walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao. Sasa mtu kama huyo tumlaze nyuma ya gari, barabara ya matope kuelekea Ifakara, bila muuguzi, na mtungi wa oksijeni haujulikani umebaki na kiasi gani. Huko ni kumwokoa?

Hata katika hospitali kubwa, safari fupi ya kutoka chumba cha wagonjwa mahututi hadi kwenye mashine ina hatari zake. Mrija wa kupumulia unaweza kuchomoka, dawa ya dripu ikakatika, na kulala chali bila kuinuliwa kichwa huongeza mgandamizo ndani ya fuvu.

Je, basi tusipige picha? La hasha! Damu inayovia ndani ya fuvu huhitaji mpasuaji upesi, na picha ndiyo inayomwonyesha pa kupasua. Kuchelewa nako kunaua. Ndiyo maana ni jambo la kheri kwamba mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 uliwezesha CT scan kufungwa katika hospitali za rufaa za mikoa.

Tena picha zimefundisha mengi. Huko Blantyre, Malawi, watoto waliopoteza fahamu kwa malaria walipigwa picha za MRI. Matokeo yakatolewa mwaka 2015: kati ya 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana, kati ya 143 waliopona, ni 39 tu. Elimu hiyo ni faida kwetu sote tunaoishi na malaria. Lakini mtoto asiye na fahamu hawezi kuulizwa kama anakubali kusogezwa. Yuko mikononi mwetu, ni amana. Asiyeweza kusema "hapana" anastahili tahadhari zaidi.

Mafundisho yetu yanatuambia kuwa kuzuia madhara kunatangulia kutafuta maslahi. Kwa hiyo, kabla ya kupiga kelele wodini, tuulize mambo matatu. Picha hiyo itabadilisha matibabu gani? Huko aendako yupo wa kumpasua? Na njiani nani atakuwa naye? Majibu yakiwepo na hali ikitengemaa, aende bila kuchelewa. Tena tudai mashine zimfuate mgonjwa: tangu mwaka 2020 Marekani imeruhusu MRI ndogo ya kusukumwa hadi kitandani.

Shemeji yangu alisafirishwa kesho yake, damu ikiwa imezuiwa, muuguzi na oksijeni pembeni yake. Leo anatembea kwa mkongojo. Tabibu yule sikumwomba radhi. Namwomba hapa.