Kutunza na Kunyima

Watu wengi hudhani ya kuwa kutunza ni kutoa. Mwenye mtoto humpa chakula, mwenye mmea huupa maji, na mwenye mfugo huupa malisho. Na kila azidishaye kutoa husifiwa kuwa amezidisha mapenzi. Walakini ziko nyakati ambapo chenye uhai huokolewa kwa kunyimwa, na huuawa kwa kupewa. Hapo huzuka swali zito: ni kwa haki gani mtunzaji humnyima yule anayemtegemea, na ni kwa alama gani kunyima kwa mlezi hupambanuliwa na kunyima kwa bahili? Swali hili laweza kuchunguzwa kwa mifano miwili iliyo mbali kwa mahali na karibu kwa maana: ua la okidi katika baridi ya Ulaya, na nyasi za ngitili katika kiangazi cha Shinyanga.

Iko okidi moja ya Afrika ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Hupatikana katika nchi nyingi za joto za bara hili, na Tanzania ni mojawapo. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, mfano wa ngozi ya chui. Aghalabu haioti ardhini kama mahindi, bali hukaa juu ya matawi ya miti, wala hainyonyi mti unaoichukua. Baadhi ya mizizi yake husimama wima, ikafanya mfano wa kikapu cha kudaka majani makavu yaangukayo, na majani hayo yakioza huwa chakula chake. Mashina yake ni manene, nayo huweka akiba ya maji. Mvua zikikatika, mmea huu hupunguza kukua, hula akiba yake, na hungoja.

Mmea huo huo ukichukuliwa hata London, hukutana na msimu ambao haukuumbiwa. Mwezi wa Januari mchana ni mfupi, jua ni dhaifu, na usiku nje ya nyumba maji huweza kuganda. Mwenye okidi akiuona umenyong'onyea, huruma humsukuma kuumwagia maji. Kumbe katika baridi mmea umeacha kukua, na mizizi yake hainywi ila kidogo sana. Maji asiyoyanywa mtu hayamdhuru, lakini maji yasiyonywewa na mizizi hubaki pale pale, na kuvu huingia, na kuoza huanza. Mmea uliozoea kukaa miezi juu ya tawi bila tone la mvua hufa kwa wema wa majuma machache. Mtunzaji mwenye maarifa hufanya kinyume: huuweka mahali pasipoingia baridi kali, huupa mwanga wote upatikanao, kisha huzuia mkono wake.

Maarifa hayo yalinunuliwa kwa hasara. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na shauku kubwa ya okidi. Walidhani kwamba zote zatoka katika misitu ya joto na unyevu, basi wakazifungia katika nyumba za vioo zenye moto mkali na mvuke, zisizopitisha hewa. Zilikufa kwa maelfu, pamoja na zile zilizotoka katika milima yenye ubaridi. Katika miaka ya 1830 Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, alipunguza joto, akaingiza hewa safi, akazigawa okidi katika nyumba mbalimbali kwa kadiri ya hali ya makwao, nazo zikastawi. Kosa la waliomtangulia halikuwa uchache wa mapenzi. Walipenda bila kuuliza kipendwacho kimetoka wapi.

Shinyanga haina theluji. Usiku wa Juni na Julai huwa na ubaridi kidogo, lakini si wa kuua mmea. Msimu mgumu wa nchi hiyo ni kiangazi: mvua hukoma kwa kawaida mwezi wa Mei, wala hairudi ila karibu na Novemba. Katika miezi hiyo ardhi hupasuka, malambo hukauka, na ng'ombe hutembea mwendo mrefu kutafuta maji na nyasi. Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji pia, walibuni tangu zamani dawa ya msimu huo, nayo ni ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya ardhi hufungwa. Mifugo hairuhusiwi kuingia, ingawa nyasi ni mbichi na zavutia. Nyasi huachwa zikue, zikomae, zikauke zimesimama. Kiangazi kikizidi, ngitili hufunguliwa, tena si yote kwa mara moja, bali kipande baada ya kipande. Na desturi iliweka mbele ndama, ng'ombe wenye kunyonyesha, na maksai wa jembe, yaani wale wasioweza kufuata kundi lihamialo mbali. Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini akiba ya namna hii huwekwa kwa kumtazama mnyama mwenye njaa leo na kumwambia, bado.

Desturi hiyo ilikaribia kupotea. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori mengi ya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba, kuni, na wingi wa mifugo vikaongeza ufyekaji. Na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliziacha ngitili zao mbali na makao mapya. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi zilitiwa katika vitalu vya miche na upandaji wa miti migeni. Baadaye ikatambulikana kwamba chini ya ardhi iliyoonekana kufa mlikuwa na visiki na mizizi hai ya migunga na miti mingine ya asili. Hiyo haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa. Ngitili zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa karne ya 21 zilikadiriwa kupita hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla sehemu zake hazijaingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita mwaka 2012. Kama vile kwa Paxton, kustawi kulikuja mkono wa mtu ulipojifunza kutulia.

Mpaka hapa mambo yaonekana mepesi, kana kwamba hekima yote ni kusubiri. Lakini ifikiriwe hali ya mjane mwenye maksai wawili tu. Ni mwaka wa mvua haba, mwezi wa Julai, nao wamekonda hata mbavu zao zahesabika. Karibu na nyumba yake iko ngitili ya kijiji, nyasi zake zafika magotini, walakini mkutano wa kijiji, dagashida, umeamua kuwa haitafunguliwa kabla ya Septemba. Mjane aomba. Akiruhusiwa, jirani wa pili ataleta ng'ombe wake watano, na wa tatu ataleta hamsini, wala hapatakuwa na sababu ya kuwakataza. Septemba itakuta vumbi tupu. Akikataliwa, huenda maksai wake wafe Agosti, shamba lake lisilimwe Novemba, na nyasi zilizookolewa kwa hasara yake ziliwe na ng'ombe wa tajiri.

Yuko atakayesema kuwa sheria ni sheria, na mmoja hana budi kuumia ili wengi wapone. Jibu hili lina nguvu, maana bila kufuli hakuna ngitili. Lakini lasahau kwamba mjane hakunyimwa kwa faida yake kama okidi inyimwavyo maji kwa faida ya okidi. Amenyimwa kwa faida ya wengine. Yuko tena atakayesema kuwa huruma haina kalenda, na lango lifunguliwe. Huyu naye ni ndugu wa mtu wa London mwenye birika mkononi: amwona mwenye shida wa leo, hawaoni wa kesho.

Njia iliyo bora imo ndani ya desturi yenyewe. Wale walioweka mbele ndama na maksai wa jembe walikwisha tambua ya kuwa kufunga peke yake si kutunza. Ngitili ni kufuli pamoja na zamu, na zamu ya kwanza ni ya asiye na pa kwenda. Basi kijiji kinachomnyima mjane nyasi kimejitwika deni: kumgawia kipande cha mapema kilichopimwa kwa ajili ya wanyonge, au kumlimia shamba lake kwa maksai wa wengine. Kisipolipa deni hilo, kimehifadhi nyasi na kumpoteza mtu.

Huenda mtu akauliza kwa nini deni hili liwepo, hali vitu vingi huwekwa akiba bila deni lolote. Dhahabu ya Geita, na almasi ya Mwadui aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, zilingoja ardhini miaka isiyohesabika bila mlinzi, wala hazikudai kitu. Lakini chenye uhai hakingoji hivyo. Okidi iliyopumzishwa hula akiba yake siku kwa siku, na maksai aliyeambiwa bado hula mwili wake mwenyewe. Kila siku ya kunyimwa ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na anyimwaye. Kwa hiyo amnyimaye hana ruhusa ya kugeuza uso.

Hapa ndipo alama ya kumpambanua mlezi na bahili hupatikana. Bahili hufunga mlango, akaenda zake. Mlezi hufunga mlango, akakaa karibu: mwenye okidi hutia kidole katika chungu kila asubuhi kutazama kama ukavu umepita kiasi, huhamisha mmea usiku wa baridi kali, na dalili ya chipukizi ikionekana, huleta maji bila kukawia. Wazee wa ngitili nao hukagua nyasi na kukagua mbavu za ng'ombe pia. Mwenye kukagua nyasi tu, mbavu asizitazame, amekwisha kuwa bawabu wa nyasi. Na mjane akipita mbele ya lango lake jioni na ng'ombe mmoja badala ya wawili, hataona kilichopungua.