Usimwite "Njoo" Ili Umpige



Leo naomba tutafakari swali moja: je, ni halali kumlea kiumbe kwa kumtia hofu, kama hofu hiyo inatuletea faida? Swali hili limenijia kwa sababu ya mtoto wa mbwa. Usicheke kwanza. Ukifika mwisho utaona halimhusu mbwa peke yake.

Mtaani kwetu nyumba nyingi zenye geti zimeandikwa "Mbwa Mkali", na kila mtu ana utaalamu wake wa kumpata huyo mkali. Tulipoletewa Simba akiwa na wiki 8, mjomba wangu alimtazama, akanishauri kwa nia njema kabisa: "Mpwa wangu, huyu mfungie bandani leo hii. Mchana asione mtu. Akizoea watu, siku mwizi akija atamtikisia mkia." Jirani naye akaongeza la kwake, eti nimchanganyie pilipili kwenye chakula. Nikawashukuru wote wawili. Mkubwa habishiwi palepale. Lakini usiku nililifikiria sana lile neno la mjomba, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa. Wezi wapo kweli. Mbwa tunamlisha, na sisi tunataka atulinde. Kuna ubaya gani basi tukimfanya awe na hasira kidogo?

Nilianza kwa kutafuta kujua mtoto wa mbwa anajengwaje. Wataalamu wa tabia za wanyama wameonyesha kwamba kuna dirisha katika maisha yake, kuanzia wiki ya 3 hivi hadi kati ya wiki ya 12 na ya 14. Anachokutana nacho kwa utulivu ndani ya muda huo, akili yake inakiandika kuwa ni cha kawaida. Asichokutana nacho, baadaye atakiona ni hatari. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliokuzwa mbali na watu hadi wiki ya 14. Baada ya hapo kuwazoesha binadamu ilikuwa kazi ngumu mno. Waliwakimbia watu kama wanyama wa porini. Hakuna aliyewapiga. Walikosa tu kuwaona watu katika wakati wao.

Hapo ndipo ushauri wa bandani unapogeuka. Mbwa aliyefungiwa gizani wiki zile hawi mlinzi, anakuwa mwoga. Na mwoga hachagui. Kwake mwizi, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na bibi aliyekuja kwenye jumuiya wote ni kitu kimoja: tishio. Atamng'ata yeyote atakayekuwa karibu na meno yake, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto. Mlinzi wa kweli ni yule anayejua kilicho cha kawaida, ndipo atambue kisicho cha kawaida.

Basi tukafanya kinyume. Kila siku Simba alikutana na kitu kipya, kidogo kidogo: mzee mwenye fimbo, watoto wenye sare za shule, mtu aliyevaa helmeti, mwavuli unaofunguka, sista na shela yake, bodaboda kwa mbali kwanza halafu karibu. Hatukumsukuma kwa lolote. Akirudi nyuma, tunamwacha arudi. Akisogea mwenyewe, anapata kipande cha dagaa. Kwa kuwa chanjo zake hazikuwa zimekamilika, nje ya geti nilimbeba mikononi, asikanyage mahali wanapopita mbwa tusiowajua, maana ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa haraka. Alipofikisha miezi 3 mtaalamu wa mifugo akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Na hili tulichukulie kwa uzito, vijana: kichaa dalili zikishaanza karibu hakiponi. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Kuhusu haja, siri ni ratiba tu. Akiamka, akila, akimaliza kucheza, anapelekwa nje mahali palepale. Akijisaidia, anasifiwa hapohapo. Ukikuta mkojo wa saa nzima iliyopita ukamsugua pua yake humo, hajui unazungumzia nini. Anachojifunza ni kwamba wewe hutabiriki. Akikung'ata vidole kwa mchezo, mchezo unaisha na anapewa mfupa wake. Masomo ni ya dakika 3 au 5, kama dekade moja ya rozari, si mkesha.

Lakini sheria iliyonigusa kuliko zote ni ya neno moja: njoo. Wafundishaji wa mbwa husisitiza hivi: usimwite mbwa "njoo" ili umwadhibu. Hata kama ametafuna kiatu chako cha Jumapili. Hata kama ametoroka nusu saa na wewe umechemka. Akija, akute wema. Ukimwita mara mbili tatu akaja akapigwa, umelitia sumu lile neno. Siku gari linakuja mbio na wewe unapiga kelele "njoo!", atakimbia kwenda upande mwingine, kwa sababu umemfundisha kwamba kuja kwako kunauma.

Nilipofikia hapo niliacha kumfikiria mbwa. Nilimkumbuka Adamu katika kitabu cha Mwanzo, aliyesikia Mungu akija bustanini akajificha kati ya miti. Mungu anamtafuta na kumuuliza aliko, naye anajibu kwamba aliogopa. Dhambi ilikuwa imelitia sumu neno zuri. Na nikafikiri kwamba habari ya wokovu, tangu hapo hadi msalabani, ni Mungu akilisafisha neno "njoo" ili mwanadamu aweze tena kulisikia bila kukimbia. Yule baba wa mwana mpotevu hakumngojea kijana wake afike mlangoni aanze kumhesabia mali. Alimkimbilia. Kijana alikuja na hotuba yake ya kuomba kazi ya kibarua, hakuachiwa hata aimalize.

Sasa tumtazame Mtakatifu Yohane Bosko, rafiki yetu sisi vijana. Akiwa na umri wa miaka 9 hivi aliota ndoto: wavulana wengi wanatukana, naye akawarukia kwa ngumi awanyamazishe. Akatokea mtu mwenye heshima akamwambia awapate kwa upole, si kwa mapigo. Kisha wale wavulana wakageuka kuwa mbuzi, mbwa, paka, dubu, na mwisho wanyama wale wakawa wanakondoo. Maisha yake yote kule Turin aliyajenga juu ya ndoto ile: busara, dini na upendo mpole. Na katika kumbukumbu zake anamtaja mbwa mkubwa wa kijivu, Grigio, aliyekuwa akimtokea usiku barabarani na kumkinga dhidi ya watu waliotaka kumdhuru. Mbwa huyohuyo alipoingia nyumbani kwa Don Bosko, wavulana walimshikashika na kucheza naye. Ukali na upole vilikaa ndani ya mnyama mmoja, kila kimoja mahali pake. Huyo ndiye mlinzi ambaye mjomba anamtaka, ila bandani hatampata.

Je, Kanisa linasemaje? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunawajibika kuwatendea wema. Kuwatumia katika kazi ni halali, na ulinzi ni kazi. Kuwatesa bila sababu ya lazima ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Angalia hapo: heshima inayoumia ni ya kwangu mimi ninayetesa. Lakini Katekisimu hiyohiyo inatuonya tusivuke upande wa pili, tukampa mnyama pendo linalomstahili mtu, au fedha ambazo zingemwondolea binadamu taabu. Kwa hiyo Simba anakula ugali na dagaa, hanunuliwi kitanda, na jirani akilala njaa siwezi kujitetea kwa kusema nampenda mbwa wangu.

Mtu atasema: mbona unafananisha watoto na mbwa? Sifananishi. Mtoto ana roho isiyokufa na dhamiri, mbwa hana. Lakini hebu jiulize: kama hata mbwa, asiye na dhamiri, hafundishiki vizuri kwa hofu, tunatarajia nini kwa mtu? Hofu huleta utii wa macho tu. Mwenye fimbo akiondoka, utii unaondoka naye.

Na kila mmoja wetu ana mtu aliye katika "wiki zake za mwanzo". Dada wa kazi aliyefika jana kutoka kijijini. Kidato cha kwanza bwenini. Mdogo wako anayeanza kujifunza kutumikia altareni. Hawakuchagua kuwa chini yako, na unachowafanyia sasa kinaandika kwao ni nini cha kawaida na ni nini cha kutisha. Ukimwita, anakuja akiwa amechangamka au anakuja ameinamisha kichwa? Siku akianguka vibaya, mimba, madeni, ulevi, atakimbilia kwako au atajificha kati ya miti?

Simba sasa ana miezi 7. Mwizi hajamkamata bado, siwezi kudanganya. Anabweka usiku akisikia hatua asizozijua, na mjomba akija anambwekea pia mpaka asikie sauti yake. Mjomba anasema, "Haya, tutaona." Sawa, tuone.

Wiki hii tufanye zoezi moja. Chagua mtu mmoja ambaye jina lake umezoea kuliita kwa ukali tu. Mwite mara moja kila siku kwa ajili ya jambo jema: kumshukuru, kumpa chai, kumuuliza ameshindaje. Na wewe uliyekaa miezi bila kitubio kwa kuogopa utakachokutana nacho pale, kumbuka anayekuita ni nani.

Tuombe: Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, unatuita bila kututega. Utujalie tuwe na sauti ambayo wadogo wanaweza kuikimbilia. Amina.