Jasho la Hiari na Jasho la Lazima



Hapa kwetu Kamina wako vijana wanaoamka mbele ya jua kutoka, nao wanakimbia katika barabara ya udongo mpaka jasho liwatoke. Hawakimbilii kazi, wala hakuna mtu anayewafukuza. Wazee wengine wanawatazama na kuuliza: nguvu hiyo, si ingelima shamba? Ulizo hili ni la haki. Vijana nao wanauliza: tunafanya kosa gani? Hilo pia ni la haki. Tunataka kufikiri juu ya jambo hili bila haraka, maana ndani yake kuna neno kubwa kuliko michezo.

Tuchukue kwanza mfano ulio mbali sana na sisi. Katika inchi za Ulaya, na hata Afrika ya Kusini, kuna watu wanaofanya kazi zao za kawaida juma lote, ofisini, dukani, masomoni. Siku ya mapumziko inapofika, wanalipa mali yao wenyewe ili wapate ruhusa ya kukimbia maratoni, ndiyo kilometa 42 na metre 195, kando ya bahari. Hawapiti barabara ya lami. Wanafuata njia za miguu zinazopanda na kushuka juu ya majabali, kwenye mchanga, mawe na matope, na upepo wa bahari unawapiga. Kule Wales, njia ya miguu inayozunguka pwani yote ilifunguliwa mwaka 2012, na urefu wake ni karibu kilometa 1400. Mtu wa namna hii hakimbii mara moja tu. Anamaliza mbio moja, miguu ikipona anakwenda kwenye nyingine, na nyingine tena, mpaka mwisho wa mwaka. Hapati zawadi. Wa kwanza amekwisha kuoga na kula, yeye angali njiani.

Sisi inchi yetu ni kubwa sana, lakini sehemu yake inayogusa bahari, kule Moanda na Banana, haifiki hata urefu wa maratoni moja. Na kutoka Kamina mpaka kule ni safari ya siku nyingi. Kwa hiyo mtu atasema: mambo haya hayatuhusu. Yanatuhusu, kwa sababu ulizo lake ni hili: mtu akiutesa mwili wake kwa hiari, bila kulazimishwa na bila faida, anatenda jema au anatenda upuzi?

Tutazame njia zetu. Mama anatoka shambani na kitunga cha muhogo kichwani, mtoto mgongoni, na kuni juu ya muhogo. Baba anasukuma kinga yenye magunia ya makala, akipanda kilima ameinama mpaka kifua kinagusa gunia. Hao nao wanamaliza kilometa nyingi, na hakuna anayewapigia makofi. Ukiwaambia kwamba kuna mtu anayelipa mali ili achoke kama wao, watacheka, na watakuwa na sababu ya kucheka.

Basi tofauti iko wapi? Haiko katika jasho, maana jasho ni moja. Haiko katika maumivu ya magoti. Tofauti ni hii: mkimbiaji anaweza kusimama. Akichoka, anakaa juu ya jiwe, anarudi nyumbani, na bukari yake inamngoja mezani. Yule mama akikaa juu ya jiwe, watoto hawali. Jasho la kwanza lina mlango wa kutokea. La pili halina.

Tofauti hiyo inatufundisha neno la kwanza: tusiyachanganye majasho haya mawili. Kuna watu wanaopenda kuwasifu mama zetu kwa uvumilivu. Wanasema, mama wa kwetu ni hodari, hachoki. Sifa hiyo ni tamu, lakini mara nyingi inasemwa na mtu aliyekaa kitini. Kumsifu mtu kwa mzigo ambao hakuuchagua, na wewe unaweza kuupunguza, ni njia ya kumwachia mzigo huo. Mkimbiaji tunaweza kumpigia makofi. Mama yule hahitaji makofi, anahitaji mkono.

Lakini je, jasho la hiari ni bure? Hapana. Sisi watu wa kanisa hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu sisi wenyewe tunafunga. Kufunga ni njaa ya hiari katika inchi yenye njaa ya lazima. Mtu wa nje angeweza kutucheka vilevile: watu wanatafuta chakula, na hawa wanakikataa! Lakini tunajua kwa nini tunafunga. Anayekataa chakula alicho nacho anajifunza kwamba tumbo si bwana wake. Tena nabii Isaya, katika sura ya 58, alifundisha wazi kwamba kufunga kusikomfikia mwenye njaa si kufunga kunakotakiwa. Basi kipimo tunacho tayari. Kijana anayekimbia anaufundisha mwili kutii. Vema. Tunamuuliza tu: mwili huo uliotii, unamtumikia nani?

Mtume Paulo naye hakuidharau mifano ya mbio. Aliwaandikia Wakorinto juu ya wanaoshindana uwanjani, na Wakorinto walielewa mara moja, maana karibu na mji wao ilifanyika michezo ya Isthmia kila miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani yanakauka, kila mtu alijua. Mtume hakusema kwamba wakimbiaji ni wajinga. Alitazama bidii yao akawauliza waamini juu ya bidii yao wenyewe.

Sasa tuje kwa ndugu mmoja wa Tanzania, John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia maratoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico, mji ulio juu, zaidi ya metre 2200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo pumzi ni haba. Njiani wakimbiaji waligongana, akaanguka, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Wakimbiaji 57 walimaliza mbio ile, na Akhwari alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, giza limeingia, watu wengi wamekwisha kwenda, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba inchi yake ilimtuma amalize, haikumtuma aanze tu. Leo ni wachache wanaokumbuka ni nani alikuwa wa pili siku ile, lakini wa mwisho anajulikana dunia nzima.

Wahubiri wengi wanapenda habari hiyo, na sisi pia. Lakini tuwe waangalifu tusiseme: basi, kutoacha ni wema siku zote. Mwaka 1912, katika Olimpiki ya Stockholm, Mreno mmoja, Francisco Lázaro, alikimbia maratoni katika jua kali, akaanguka njiani, akafa. Huyo naye hakutaka kuacha. Moyo wa kutoacha unaweza kuwa uaminifu, unaweza kuwa kiburi, na kwa nje vinafanana sana.

Tutavitenganisha namna gani? Tuulize: ni nani anayelipa? Akhwari alilipa kwa goti lake mwenyewe. Goti lilipona, na mwaka 1970 kule Edinburgh, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa tano katika maratoni. Lakini baba aliyeambiwa na mganga wa hospitali kwamba moyo wake ni mgonjwa, naye akaendelea kwa sababu anaogopa kuchekwa na wenzake, huyo halipi yeye. Mjane na yatima ndio watakaolipa. Vilevile kijana anayekimbia kila asubuhi wakati dada yake peke yake anachota maji ya nyumba nzima: mchezo wake unalipwa na dada. Kama ni hivyo, wazee wana haki ya kumkemea. Kosa haliko katika kukimbia, liko katika ndoo za dada.

Kuna habari moja zaidi. Tarehe 22 Mei 2021, kule China, katika jimbo la Gansu, watu walikimbia mbio za kilometa 100 milimani. Mvua ya mawe, upepo na baridi kali viliwakuta juu ya mlima, na wakimbiaji 21 walikufa. Mahali pale alikuwako mchungaji mmoja wa kondoo. Alikuwa amejificha pangoni kwa sababu ya mvua. Akaona mkimbiaji amekakamaa kwa baridi, akamwingiza pangoni, akawasha moto, akamfunika. Kisha akaleta wengine. Wakimbiaji sita waliokolewa naye. Mtu huyo hakuwa na namba kifuani, hakuwa amelipa kitu, hakumaliza hata kilometa moja ya mbio ile. Lakini yeye ndiye aliyejua alichotakiwa kufanya na miguu yake siku ile.

Katika mbio nyingi za milimani na za kando ya bahari kuna sheria: ukimkuta mwenzako ameumia, lazima usimame umsaidie, hata ukipoteza nafasi yako. Sheria hiyo ni njema, na ingefaa iandikwe katika barabara zetu pia.

Kwa hiyo tunawaambia wazee: msiwakataze vijana kukimbia. Kijana aliyezoea kushinda uvivu wake alfajiri ana kitu mkononi, na ni afadhali barabara kuliko pombe. Nanyi vijana, tunawaambia: kimbieni, lakini maji ya nyumbani yawe yamekwisha kuchotwa. Kimbieni, lakini mganga akisema basi, simameni bila haya. Na mkiwa njiani, pumzi ingali nyingi kifuani, mkamkuta baba anasukuma kinga yake kwenye kilima na gurudumu limezama mchangani, msimpite mkihesabu dakika. Shikeni nyuma, sukumeni mpaka juu. Mazoezi ya siku ile yatakuwa yametosha.