Mwaka 1961: Tukumbuke Kura au Kaburi?

Kila ifikapo Oktoba 13, nchi yetu ya Burundi huacha kazi zake na kuomboleza kifo cha Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa hapa Gitega mwaka 1932 na kupigwa risasi mwaka 1961 katika Hoteli Tanganyika, mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Alikuwa na umri wa miaka 29, na uwaziri mkuu alikuwa ameushika kwa siku kumi na tano tu. Wanafunzi wetu huyajua haya kwa moyo. Lakini waulize lililotokea Septemba 18 ya mwaka uo huo, na wengi watakutazama kimya. Naona ya kwamba katika tofauti hiyo mna swali la maadili, wala si la historia peke yake. Taifa likiwa na mwaka mmoja ambamo lilitenda jambo na pia likatendewa jambo, lina wajibu wa kukumbuka lipi kwanza?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kueleza tofauti ya kauli hizo mbili ubaoni. Mtendaji hujibu kwa alilolifanya; mtendewa huuliza ni nani aliyemfanyia. Katika sarufi ni jambo la viambishi, lakini katika maisha ya watu ni njia mbili zinazoachana.

Tutazame kwanza lililotendwa. Mwezi Novemba 1960 ulifanyika uchaguzi wa tarafa, na wakati huo Rwagasore alikuwa amezuiliwa na utawala wa Kibelgiji. Chama chake cha UPRONA kilishindwa na wapinzani wake. Asingalilaumika sana mtu wa siku zile aliyesema kwamba mchezo umekwisha. Lakini Umoja wa Mataifa, uliokuwa na sauti juu ya nchi hii kwa kuwa ilikuwa chini ya udhamini, ulitaka uchaguzi wa bunge ufanywe mbele ya waangalizi wake, na kila mtu mzima apige kura. Hivyo Septemba 18, 1961, wanawake wa Burundi walikwenda vituoni kwa mara ya kwanza. Kati ya viti 64, UPRONA ilipata 58. Usiku wa kuamkia siku hiyohiyo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, akishughulikia mgogoro wa Kongo. Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa tangu Januari. Ndio mwaka uliokuwa: mauti yamelizunguka eneo letu lote, na katikati yake mkulima wa mlimani anapanga foleni ili aseme anamtaka nani.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa Muyinga kwa shughuli za ukoo, nikazungumza na bibi mmoja aliyepiga kura siku ile. Nilitarajia anihadithie habari za Mwanamfalme. Yeye alinihadithia habari za miguu yake: jinsi walivyotoka kabla ya mapambazuko, jinsi alivyombeba mtoto mgongoni, na jinsi mumewe alivyomwuliza njiani atamchagua nani, naye asimjibu. "Sikumwambia hata leo," alisema, na yule mume amekwisha kufariki. Nilicheka, kisha nikatafakari. Katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu mwaka ule sikuwa nimekutana na uhuru ulio kamili kama ule wa mwanamke anayefunga kinywa chake mbele ya mumewe njiani.

Naye Rwagasore mwenyewe, baada ya ushindi, aliwaomba wananchi waihukumu serikali yake kwa matendo yake. Tena hakutaka ushindi ule uhesabiwe kuwa ni wa chama kimoja juu ya kingine. Ni maneno ya mtu anayejiweka chini ya wapiga kura wake. Hakupewa nafasi ya kuhukumiwa kwa njia hiyo.

Sasa tulitazame lililotendwa kwake, na lililofuata. Mpiga risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, naye aliuawa kwa amri ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenziwe katika njama, miongoni mwao viongozi wa chama kilichoshindwa, walibaki gerezani. Nchi ilipokwisha kuwa huru, kesi ilifunguliwa upya mbele ya Mahakama Kuu mpya, na watano kati yao, Warundi wanne na Mgiriki mmoja, wakahukumiwa kifo. Januari 1963 walinyongwa hapa Gitega hadharani, mbele ya umati mkubwa wa watu.

Wapo watakaosema kwamba haki ilitendeka, na huzuni ya watu ilikuwa ya kweli. Siikani huzuni hiyo. Lakini kosa moja kuhukumiwa mara mbili ni jambo linalomtia mashaka kila mwenye kuiheshimu sheria, na hasa pale hukumu ya pili inapokuwa nzito kuliko ya kwanza. Mashaka yangu makubwa zaidi ni juu ya umati ule. Miezi kumi na sita kabla yake watu haohao walikuwa wamesimama katika foleni kama watendaji. Sasa walikuwa wamesimama kutazama. Kaburi lilikuwa limewageuza kuwa watendewa, na mtendewa hashibi kwa urahisi. Hata leo swali la nani hasa aliyekuwa nyuma ya risasi ile halijatulia: mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kizima juu yake mwaka 2021, akiuelekeza mkono kwa utawala wa nchi yake. Ni swali la haki na lijibiwe. Nakataa tu kwamba liwe swali la pekee tunalowarithisha watoto kuhusu mwaka 1961.

Mtu aweza kunipinga akasema kwamba Septemba 18 haikusahauliwa, kwani iliadhimishwa kwa miaka mingi. Ni kweli, lakini iliadhimishwa kwa jina gani? Kwa jina la ushindi wa chama. Katika siku kama hiyo aliyekipigia kura chama kingine hana mahali pa kukaa, ijapokuwa naye alitembea njia ileile, na kura yake ilihesabiwa kama za wengine. Kura ikishageuzwa kuwa nyara ya mshindi, si ajabu kwamba enzi ya mshindi ilipopita, siku nayo ikapita. Kaburi, kwa upande wake, halina chama, na labda ndiyo maana limedumu.

Wala hatukuwa na kaburi moja tu. Melchior Ndadaye alichaguliwa Juni 1993, akauawa Oktoba 21 ya mwaka huo, na mauaji yaliyofuata kila mmoja wetu anayajua nyumbani kwake. Tazameni kalenda, ndugu walimu. Oktoba ina siku mbili za maombolezo ya viongozi waliochaguliwa na watu. Siku ambazo watu waliwachagua hazimo.

Sisemi tuondoe Oktoba 13. Asiyelia msiba wake ana kasoro ya moyo. Nasema mbele yake tuweke siku ishirini na tano, kuanzia kura hadi risasi, tuzifundishe kama tunavyoifundisha siku moja ya mwisho. Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi ya insha: kila mmoja amtafute mzee aliyepiga kura mwaka 1961, amwulize alitoka nyumbani saa ngapi, alikwenda na nani, na alirudi akila nini. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule leo amevuka themanini. Kati ya wanafunzi arobaini na wawili, kumi na mmoja wamerudi na insha. Wengine wamesema mzee waliyemtaka amekwisha kuzikwa, na mmoja amesema nyanya yake amemwahidi kumjibu baada ya mavuno ya maharagwe.