Gari la Kale na Mikono ya Wawili

Safari hii twaleta swali ambalo kwa mara ya kwanza laonekana kuwa la gereji tu, lakini ukilifuata utaona lamhusu kila mtu mwenye nyumba. Kitu cha zamani kilichochakaa, je, wajibu wetu ni kukirudisha kama kilivyokuwa, au tunayo ruhusa ya kukigeuza tupendavyo? Na kama kitu chenyewe ni cha watu wawili, nani mwenye neno la mwisho?

Mfano wetu tumeuchukua Marekani, kwa kuwa huko swali hili hujadiliwa na watu ambao mikono yao imejaa grisi. Wapo mume na mke ambao, wakishamaliza kazi za juma, huingia gereji pamoja kufufua magari ya miaka ya 1960 ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Jina hilo lina maana yake: gari la ukubwa wa wastani lilitiwa injini iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo huo. Wakuu wa kampuni ya General Motors walikuwa wameweka kanuni kwamba magari ya kadiri ile yasitiwe injini kubwa kupita kipimo fulani. Watu wa Pontiac wakaikwepa kanuni hiyo kwa kuiuza injini ya lita 6.4 kama nyongeza ya hiari juu ya gari lao la Le Mans, kwa karibu dola 300. Mwaka wa kwanza yaliuzwa zaidi ya magari 32,000.

Baadaye mambo yalibadilika. Gharama za bima zilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikapitishwa, halafu ikaja shida ya mafuta ya mwaka 1973. GTO za namna ile zikakoma kutengenezwa baada ya zile za mwaka 1974, na mwaka 2010 jina lenyewe la Pontiac likafutwa. Kwa hiyo anayefufua gari kama hilo leo hana kiwanda cha kukikimbilia. Uamuzi wote umo mikononi mwake.

Haya, tuseme mume na mke wamenunua GTO ya mwaka 1964 iliyolala bandani miaka mingi. Sakafu imeliwa na kutu, viti vimetafunwa na panya, injini imeganda. Mmoja asema, “Turudishe kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, hata rangi, hata bolti.” Mwenzake asema, “Mimi nataka gari la kuendea, si la kutazama. Tutie breki za kisasa, giaboksi mpya, na rangi tuipendayo.” Hapo ugomvi umezaliwa, na wala si ugomvi wa kipuuzi.

Yule wa kurudisha ana hoja nzito. Gari la kale ni ushahidi. Laonyesha watu wa wakati ule walijua nini, walipenda nini, na walipuuza nini. Mafundi walioliunda wengi wao hawapo tena duniani, na kazi yao ndiyo inayowasemea. Kila kipande cha asili kinachotupwa ni shahidi mmoja aliyenyamazishwa.

Lakini yule wa kubadili naye ana hoja. GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, na mfumo wa mafuta ya breki ulikuwa mmoja tu. Mpira mmoja ukipasuka, dereva hana breki hata kidogo. Je, kuitunza hatari ndiyo heshima kwa wazee? Tena, injini za wakati ule zilizoea petroli yenye risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyozuia vikalio vya vali visiliwe. Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani tangu mwanzo wa mwaka 1996, na mwaka 2021 nchi ya mwisho duniani nayo ikaacha kuiuza. Ndiyo maana fundi mwenye busara, akiifungua injini kama hiyo, hutia vikalio vipya vya chuma kigumu. Basi hata mrudishaji mkali hawezi kurudisha yote. Gari aweza kulirudisha, lakini dunia lililozaliwa ndani yake imekwisha kupita.

Sisi tuliofundisha twakikumbuka kitendawili cha shoka. Mtu amerithi shoka la babu yake. Akabadili mpini, kisha miaka ikapita, akabadili na chuma. Je, bado ni shoka la babu? Wayunani wa kale walibishana hivyo juu ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athene waliitunza kwa kubadili mbao zilizooza, ubao mmoja mmoja. Habari hiyo ameiandika Plutarch. Katika karne ya 17, Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza utata: Je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu na kuziunga tena, ipi ingekuwa merikebu ya kweli? Darasa hugawanyika pande mbili, na kengele hulia kabla ya jibu.

Maoni yetu ni kwamba jibu halitapatikana kwa kuhesabu mbao. Uaminifu kwa kitu cha kale hauko katika kutokukigusa, wala hauko katika kufanya lolote roho ipendalo. Uko katika kuweza kutoa hesabu ya kila badiliko mbele ya yule ambaye kitu hicho ni chake pia. Kwa wale mume na mke, hesabu hiyo yaweza kugawanywa katika mambo matatu.

Kwanza, watofautishe linalorudishika na lisilorudishika. Wakifunga breki za diski, zile za dramu waweza kuzipaka mafuta, kuzifunga vizuri na kuzihifadhi. Akija mtu kesho akazitaka, zipo. Lakini wakikata bodi ili magurudumu mapana yaingie, chuma kilichokatwa hakirudi kilivyokuwa. Kwa jambo linalorudishika, yafaa mmoja amwachie mwenzake hata kama hakubali moyoni, maana nafasi ya kulitazama upya bado ipo. Kwa lisilorudishika, “hapana” ya mmoja yatosha kuuzuia msumeno. Si kwamba mwenye kukataa ana akili zaidi. Ni kwamba akishindwa leo, hana siku nyingine ya kusikilizwa.

Pili, waseme kweli. Namba za magari ya Pontiac ya mwaka 1964 na 1965 hazionyeshi kama gari lilikuwa GTO au Le Mans ya kawaida. Ni kuanzia mwaka 1966 namba zilipotofautishwa. Kwa hiyo mtu aweza kuichukua Le Mans, akaitia injini na majina ya GTO, na machoni pa watu ikawa GTO. Kuivika hivyo si kosa. Kosa ni kunyamaza siku ya kuiuza. Gari lililobadilishwa sana, ambalo mwenyewe huyaeleza yote, ni nyofu kuliko lile linaloitwa la asili huku likiwa limejengwa juu ya uongo. Na kanuni hiyo huanzia nyumbani: stakabadhi ya spea iliyofichwa mtoni mwa meza ili mwenzako asiione ni uongo wa ukoo ule ule.

Tatu, watambue jasho. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari likipita barabarani, watu huisifu injini. Nani amsifuye aliyepiga msasa milango mpaka vidole vikachubuka, au aliyezunguka kutafuta kioo kimoja cha taa? Mara nyingi wageni humwambia mume, “Gari lako zuri sana,” hata kama mke ndiye aliyeifungua na kuifunga ile injini. Mume ajibuye “Ahsante” tu na kunyamaza amepokea ujira wa mtu mwingine. Ajibu, “Ni letu, na injini hii ni kazi yake.” Aidha, aliyetia jasho ana haki ya kuamua kama yule aliyetia fedha. Na ikiwa mmoja halipendi gari kabisa, asilazimishwe kulipenda. Wala ada za shule za watoto zisimezwe na kabureta.

Huenda msomaji akasema kwamba hiyo ni michezo ya watu wenye nafasi. Ni kweli, magari hayo ni ya wachache. Lakini cherehani ya marehemu mama, ikitiwa mota ya umeme, swali ni hili hili. Nyumba aliyoacha baba, ndugu wakibishana kubomoa ukuta au kuuacha, swali ni hili hili. Hata hapo kuna linalorudishika na lisilorudishika, kuna ukweli wa kusema, na kuna mtu aliyetia jasho ambaye hakuna aliyemwuliza.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujashika msumeno, zima kwanza mashine, umwite mwenzako, mkitazame kitu hicho pamoja. Kama huwezi kumweleza sababu ya unalotaka kukata, usikate leo.